Nyumba Namba Saba Inatafuta Uzee

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua. Goti linauma. Lakini habari kubwa! Kasisi Philippa alitangaza jana baada ya ibada, nami nimelala nayo na kuamka nayo. Kanisa linatoa kijitabu cha majumba ya kale ya Ossenby. Kitakuwa tayari kwa siku ya Milango Wazi, Jumamosi ya wiki ijayo, watu watakapokuja kulitazama kanisa letu na mnara wake uliopinda, kisha watembezwe nyumba kwa nyumba. Mtaalamu anakuja kuzikagua kwanza. Anaitwa Dokta Strake. Inasemekana akigonga ukuta anakutajia mfalme aliyekuwa madarakani ulipojengwa.

Niliuliza kama nyumba yetu imo. Ambrose Dowse, mzee wa kanisa, mwenye funguo zote na majibu yote, aliniambia kwa upole kwamba kijitabu ni cha nyumba zenye jina. Yangu ina namba.

Namba saba. Kweli. Nyumba nyingine zote za kuzunguka uwanja wa kijiji zina majina, na hapa kwetu nyumba haiitwi kwa kile ilicho, huitwa kwa kile ilichoacha kuwa. Shule ya Zamani: hakuna mwanafunzi. Bekari ya Zamani: wanakaa mawakili wawili wasiokula mkate. Kinu cha Zamani: anakaa Ambrose, na hajawahi kusaga kitu isipokuwa mimi.

Mimi na Mavis tuna miaka ishirini na mbili hapa. Bado naitwa "yule bwana aliyehamia". Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi sijapewa hata reki. Inaniuma. Humu hakuna anayesoma, basi naandika wazi: inaniuma sana. Nyumba hii itaingia kitabuni! Nimeapa mbele ya birika. Mavis ameniambia nikimaliza kuapa nimmiminie chai.

Jumanne, 3 Septemba

Mpango umeanza. Nimepaka rangi kibao, herufi za dhahabu: KIWANDA CHA MISHUMAA CHA ZAMANI. Kwa nini mishumaa? Kwa sababu hakuna wa kukanusha. Kijiji gani hakikuhitaji mwanga? Nimeuza mazulia maisha yangu yote, najua kumfanya mtu aone kisichokuwepo. Nimekipigilia kwenye nguzo ya geti. Nikasimama barabarani kukitazama. Machozi kidogo. Upepo, nadhani.

Ambrose akapita na mbwa wake. Akakisoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo la Jumapili. Akauliza ilikuwa mishumaa ya nta au ya mafuta. Nikasema yote miwili. Akauliza kiwanda kizima kilienea vipi kwenye nyumba ya vyumba viwili juu na viwili chini. Nikasema ilikuwa mishumaa mifupi.

Ningepona hapo. Lakini Bibi Winnie Ogle naye akatokea na kikapu chake. Huyu kazaliwa Ossenby, kabatizwa Ossenby, na akienda mjini kwa daktari wa meno husema amesafiri. Alicheka hadi akalishika geti. "Mishumaa ya wapi, mwanangu! Hapo alikaa mjomba Seth, anafuga nguruwe. Kwaya nzima ilikuwa inaimba imeziba pua!"

Ambrose akavua kofia. Akanipongeza. Zizi la Nguruwe la Zamani, akasema, jina zuri, ataliandika mwenyewe.

Kibao nimekishusha kabla ya chakula cha mchana. Mbwa alikuwa ameshakikojolea.

Mavis ameuliza kwamba, maadamu nina nyundo mkononi, kwa nini nisiende kubomoa kile kibanda cha matofali mwisho wa bustani, nilichomwahidi tangu Pasaka. Anataka pale nyumba ya vioo kwa ajili ya nyanya zake. Nimemjibu kwamba huu ni wakati wa historia, si wakati wa nyanya. Jibu lake silirudii hapa.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimejitolea kung'arisha shaba kanisani. Kasisi Philippa amenishukuru kwa moyo. Maskini, hajui mimi ni mpelelezi.

Na nimepata! Pembeni mwa mlango wa kusini, kwenye jiwe, kuna maduara madogo yamechongwa, kila duara na petali sita ndani, kama ua. Nimekuwa nikiyapita kila Jumapili nikidhani ni kazi ya watoto watundu. Kumbe ni hirizi! Kasisi amenieleza kwamba wazee wa zamani walizichonga kuzuia wachawi wasipenye mlangoni, na nyumbani walizichonga juu ya moto, maana mchawi akikosa mlango hushuka kwa dohani. Dokta Strake anazipenda kuliko kitu chochote. Nyumba yenye alama hizo haiulizwi umri.

Nikauliza, kama mtu asiye na haja, Kinu cha Zamani kina ngapi. Kasisi akanong'ona kwamba hakina hata moja, na jambo hilo linamkosesha Ambrose raha.

Nimeng'arisha kinara kimoja mara nne kwa furaha. Kisha nimekwenda dukani kununua bikari.

Ijumaa, 6 Septemba

Mavis yuko kwa mtengeneza nywele. Kazi imefanyika!

Boriti nyeusi juu ya moto sebuleni. Daima nimeipenda. Nimeweka bikari, nimechora, nimechonga kwa kisu cha viazi. Na mbao laini ajabu! Kisu kinaingia kama kwenye jibini. Huo ndio uzee. Duara la kwanza safi. La pili safi. La tatu bikari iliteleza na limetoka kama yai la kukaanga, lakini hata zamani walikuwepo mafundi wabaya.

Tatizo: michongo mipya ni myeupe. Nikapaka chai. Chai ya kawaida imekwisha, nikatumia ile ya Mavis yenye harufu ya machungwa. Haikutaka kuingia, ikawa inatiririka tu. Nikaongeza masizi. Nikakausha kwa mashine ya nywele ya Mavis. Harufu ya ajabu ikatoka, kama ndoo iliyowekwa karibu na jiko. Nikafungua madirisha yote.

Mavis amerudi na kuuliza nimechoma nini. Nimesema karne ya kumi na saba. Hakucheka.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Dokta Strake ni mwanamke mfupi, viatu vya matope, tochi shingoni. Alikuja na Kasisi, na Ambrose akajialika. Nikawakaribisha. Nikasema kwa unyonge kwamba nyumba yetu ni ya kawaida tu, kuna vikwaruzo fulani hapa juu ya moto, pengine si kitu.

Akavitazama. Akawasha tochi. Akavitazama tena. Nikamkonyeza Ambrose. Kisha Dokta akasogeza pua yake hadi kwenye boriti na kunusa, mara mbili, na akaniuliza kama wachawi wa Ossenby walikuwa wanaogopa chai ya machungwa.

Nikasema historia ina mengi tusiyoyajua.

Akakubali. Akasema hata yeye, kwa miaka yote ya kazi yake, ndiyo kwanza anaona hirizi ya kuzuia wachawi iliyochongwa kwenye plastiki. Akagonga kwa ukucha. Tok tok. Tupu ndani! Boriti yangu! Ya kubandika, akasema, zilikuwa zinauzwa kwa futi madukani wakati Kasisi yuko shule ya chekechea.

Ambrose alilazimika kukaa. Alikaa kwenye kiti changu. Kasisi alianza kuikagua dari kama anayeomba. Mavis, uso mwekundu kuliko nyanya zake, akamshika Dokta mkono na kumtoa nje apate hewa, aone bustani, aone mahali patakapojengwa nyumba ya vioo, kibanda hiki kibovu kikishaondoka.

Tukasikia ukelele.

Nilidhani ni reki, nimeiacha kwenye majani. Tukakimbia. Dokta Strake alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa kibanda, anasukuma kando makopo yangu ya rangi na mashine ya kukatia majani, analia. Machozi ya kweli! Chini ya vikorokoro vyote hivyo, mbao moja ndefu, imesuguliwa ikang'aa kama meza ya altare, na ndani yake matundu matatu. Kubwa, la kati, dogo. Kila moja na mfuniko wake, kila mfuniko umechongwa waridi. Baba, mama, mtoto. Choo cha watu watatu! Akasema vyoo vya namna hii vilivyosimama vizima katika wilaya yote, anavyovijua, ni hiki kimoja tu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini sikujua kwamba ningeinamishwa mbele ya Ambrose Dowse.

Jumanne, 10 Septemba

Mavis hasemi na mimi. Anasema na paka, kwa sauti, nikiwa karibu. Asubuhi hii amemweleza paka kwamba kuna mwanamume aliyeahidi kubomoa kibanda tangu Pasaka, na kama angekuwa na mikono badala ya mipango, leo pangekuwa na nyanya. Sasa hakuna kubomoa. Dokta ameomba choo kiwekwe chini ya ulinzi wa sheria, na hadi jibu lije hairuhusiwi kugusa tofali. Miche yote ya Mavis iko chumbani, madirishani. Nimelala na nyanya begani.

Nilikwenda kwa Kasisi kuhusu jina. Nikapendekeza Viti vya Enzi. Nikapendekeza Nyumba ya Waridi. Kasisi amesikitika pamoja nami, lakini desturi ni desturi: nyumba huitwa kwa kile ilichoacha kuwa. Akauliza kwa heshima kama choo kimeacha. Nikasema, Kasisi, kimeacha, naapa. Akasema basi.

CHOO CHA ZAMANI. Limeshaandikwa. Ambrose alikuwa ofisini akisimamia mashine ya kuchapia, na aliponiona aliinua mkono kama anayemsalimu meya. "Peasgood! Habari za kukaa?"

Hata hivyo! Ngoja niliandike bila haya. Tumo! Tuko ukurasa wa katikati, na picha! Kinu cha Zamani kiko ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la fundi mabomba. Nimeutazama ukurasa wetu mara nyingi sana leo. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na hakuna aliyesema si choo.

Jumamosi, 14 Septemba

Milango Wazi. Jua! Watu! Kengele zilipigwa tangu asubuhi, watu wakaingia kanisani, wakautazama mnara uliopinda, wakainamisha vichwa wote upande mmoja, kisha wakashuka kwetu.

Nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya maendeleo ya usafi tangu Warumi. Nikaanza. Nilipofika Warumi wenyewe, mwanamke mmoja aliuliza choo kiko wapi. Nikasema, nafika hapo, mama. Akasema hapana, cha kutumia. Maana kanisa letu halina choo, wamekibishania tangu kabla hatujahamia, na watu walikuwa wamekunywa chai ya Kasisi. Basi ikawa ndiyo kazi yangu siku nzima: kusimama mbele ya choo kizuri kuliko vyote wilayani nikiwakataza watu choo. Mzee mmoja kutoka Grimsby hakuuliza, aliingia na kuketi. Makopo yangu ya rangi nilikuwa nimeyasukumia chini ya tundu la kati. Basi.

Mavis akatoka na sinia la skonzi, akanikuta nimezongwa. Akaweka sinia chini. Akafungua mlango wa kibanda na kuanza kueleza yeye. Baba anakaa huku na gazeti, mama anakaa hapa katikati awatenganishe, na mtoto huku, ajifunze ukimya. Watu wakacheka. Akaendelea. Wakaitana waje wasikie. Mavis wangu, ambaye hupeleka keki kanisani na kuiacha mlangoni akimbie! Akaonyesha namna babu alivyogonga kwa fimbo kuwaharakisha. Aliyatunga yote palepale.

Kisha akaja Bibi Winnie. Hakuwa na haja ya maelezo. Akaingia, akafunua mfuniko mdogo, akaketi, akaning'iniza miguu. Akasema alikuwa anakaa hapo hapo, shangazi zake wawili kando yake, wanamfundisha zaburi, na ndipo alipoambiwa kwamba amepata mdogo wake wa kiume. Akafuta macho kwa kitambaa cha skonzi. Akamwambia Mavis, "Ahsante kwa kututunzia, mwanangu." Akamwambia pia alete nyanya zake kwake, ana nyumba ya vioo imejaa buibui tu.

Jioni, jikoni, Mavis akasema nami. Si na paka. Akasema amenisamehe, kwamba hajacheka hivi tangu tuhamie, na kwamba Lionel, wewe huoni? Wanatutania tangu wiki iliyopita. Hapa mgeni hataniwi, anaulizwa hali ya hewa.

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa na donge. Mchana mtalii mmoja alimuuliza Ambrose kama akina Peasgood ni ukoo wa zamani wa hapa. Nilisimama karibu. Nilinyoosha tai. Ambrose akajibu, "Choo ndicho cha zamani, bwana. Wenyewe wapya." Mtalii akauliza mtu anakuwa mwenyeji lini sasa. Ambrose akaelekeza kidole kwenye makaburi ya kanisa, akasema akishakuwa na watu wake pale.

Wote walicheka. Hata Mavis.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada Ambrose akaniita, eti nimfuate chumba cha kengele chini ya mnara. Nikajiandaa kwa matusi. Akafunga mlango, akasimama akichezea funguo zake. Kisha akaanza kuzungumza na ukuta. Kwamba kengele ziko sita. Kwamba kaka yake, mpigaji wa ile ya tano, mabega yamemshinda, jana ndiyo mara yake ya mwisho. Kwamba hawawezi kupiga na pengo. Mazoezi ni kesho jioni. Akashika kamba ya ile ya tano, yenye manyoya mekundu yaliyofifia mahali pa kushikia, na kunisukumia kifuani. "Shika hii, Peasgood. Ilikuwa ya baba."

Nikaelewa mara moja. Kibarua! Kwanza anifanye mlinda choo, sasa mvuta kamba. Ajitafutie punda! Nikamwambia kwa heshima zote kwamba goti langu halinipi nafasi, na kwamba kwa sasa nina utafiti muhimu.

Ambrose akaitazama kamba. Akasema, basi, itaning'inia tu, hana mwingine anayemtaka. Akairudisha kwenye msumari wake taratibu sana. Hakutania. Hata sikujua uso wake unaweza kukaa hivyo. Nadhani ana tatizo la tumbo.

Nilimsimulia Mavis akimenya viazi, kama kichekesho. Aliacha kumenya. Akauliza kama najua kamba ile hupewa nani. Nikasema, mwenye mgongo mzima. Akaweka kisu chini, akatoka kwenda kwa Bibi Winnie kusafisha buibui. Viazi nimemalizia mwenyewe. Wanawake!

Jumatatu, 16 Septemba

Nimefaulu! Siku nzima nimekuwa makaburini na mswaki.

Mwenyeji ni mwenye watu wake pale: kasema Ambrose mwenyewe, mbele ya mashahidi. Basi nimepata mtu wangu. Nyuma ya kanisa, chini ya ule mti mweusi, kuna jiwe limeinama, limeota ukungu, halina maua, halina mwenyewe. Nimelisugua hadi vidole vimechubuka. Jina halisomeki hata kidogo. Safi kabisa! Imebaki herufi moja, na kwa mwanga fulani, ukifumba jicho moja, ni P.

Nimekaa naye jioni nzima. Tumezoeana. Kengele zilianza mazoezi juu yetu, na zilinikera: moja, mbili, tatu, nne, kimya, sita. Moja, mbili, tatu, nne, kimya, sita. Huyo wa tano mvivu kiasi gani, hata mazoezi hahudhurii? Katika kijiji chenye adabu mtu wa namna hiyo angeambiwa. Jumapili nitamwambia Ambrose.

Nitakuja na maua watu wakitoka ibadani. Nimechagua suti. Mavis haniulizi kitu, kwa hiyo nimejifungia bafuni na mfereji wazi, nafanya mazoezi ya kumlilia babu.